Msiishie kwenye mstari wa "Lindi na Mtwara": uzi wa tunaoanika korosho Novemba hii

#1 Mwana wa Mahuta

Wakuu, habari za jioni. Niko Mahuta, Tandahimba. Nimetoka kukunja turubai sasa hivi, mikono bado ina vumbi la korosho, nikaona niandike kabla sijalala maana jambo hili limenikaa moyoni tangu mwaka jana.

Leo nimesikiliza taarifa ya hali ya hewa redioni mwanzo mpaka mwisho. Kagera, Geita, Mwanza na Mara: mvua na ngurumo katika baadhi ya maeneo. Kilimanjaro na Tanga nako mvua. Dodoma na Singida jua kali. Ndipo ukafika mstari wetu, huu ambao wote tunaujua kwa moyo: mikoa ya Lindi na Mtwara, hali ya mawingu kiasi na vipindi vya jua. Jirani yangu tuliyekuwa naye barazani akasimama palepale. "Haya, letu tumeshapewa." Akachukua kofia yake akaenda, na mtangazaji bado anaendelea kusema.

Sikumlaumu. Mimi ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka jana, wiki ya tatu ya Novemba, nilikuwa na turubai tatu zimejaa korosho. Zilibakiza jua la siku moja nizipime, nipeleke chama cha msingi. Jioni nikasikia "vipindi vya jua", nikazima redio nitunze betri. Kumbe baada ya mikoa kulikuwa na maelezo ya siku zinazofuata, kwamba hali ingebadilika na mvua ingeanza kugusa maeneo machache ya kusini. Hayo niliyapata kwa mtu siku ya pili, wakati hayana tena faida.

Saa nane usiku nikasikia kitu kimegonga bati. Nikadhani embe limeanguka, si mnajua Novemba maembe yanavyoanguka usiku kucha. Likagonga la pili, la tatu, halafu bati lote likavuma. Mama watoto ndiye aliyeshtuka kwanza, akapiga kelele neno moja tu: "Korosho!" Tukatoka na tochi ya simu, mimi, yeye na watoto wawili wakubwa. Turubai ya karibu na mlango tuliwahi kuikunja. Mbili za nje zilikuwa zimeshageuka bwawa. Nilishika pembe moja, mwanangu pembe nyingine, tukajaribu kuinua, hazikuinuka. Maji yalikuwa mazito kuliko sisi.

Asubuhi jua likawaka kama vile hakuna lililotokea. Tukaanika upya siku tano. Korosho iliyokauka vizuri ukiitikisa mkononi inalia, kama kokoto ndani ya kopo. Zile tulizitikisa, kimya. Ganda lilikuwa la kijivu cha kung'aa, likawa na mabaka meusi, nyingine zikaota ukungu kwenye kikonyo. Ghalani zikaingia daraja la pili. Bati za chumba cha watoto nilizokuwa nimeshazipigia hesabu zikabaki dukani mpaka leo.

Kwa hiyo nawaomba tujadili. Taarifa ya hali ya hewa ni ya nchi nzima, na mvua ya Bukoba ina habari na jua la Tandahimba. Ninyi mnaisikilizaje? Mnaishia wapi? Na wenye elimu ya mambo haya watueleze kwa lugha ya mkulima, kwa nini mwezi mmoja wenzetu wanalia na mafuriko na sisi tunalia na vumbi.

#2 Nesi Kanyigo

Shikamoo wakubwa humu. Uzi huu umenigusa. Mimi kwetu ni Kanyigo, Kagera, ila kazi imenileta Nanyumbu, huku Mtwara, huu mwaka wa nne.

Kila Jumapili namwongelesha mama kwa simu. Mwezi huu simu zetu ni za kupiga kelele, maana kwake mvua iko juu ya bati, hanisikii. Ananiambia migomba imelala kwa upepo, nguo zina siku tatu kwenye kamba na zimeanza kunuka, kuni zote mbichi. Mimi hapa nafua sare saa saba mchana, saa saba na nusu naivaa. Nikimwambia huku vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani anadhani namfurahisha tu. Siku moja nilitoka nje na simu, nikamwambia mama sikiliza, nikaburuza kiatu kwenye majani makavu ya mkorosho. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, huko mnakunywa nini?"

Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kama mara mbili ya huku, na imegawanyika misimu miwili. Mtu aliyekulia kule hajui kungojea mvua. Mimi kungojea nimejifunzia Nanyumbu.

Sasa kuhusu swali la mtoa mada: mimi nasikiliza mikoa miwili, wa mama na wa kwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba ya mama inaweza kunisaidia mimi.

#3 Mwl. Jiografia

Mwana wa Mahuta, pole sana kwa korosho. Naomba nichangie kwa urefu kidogo, nafundisha somo hili na kila mwaka wanafunzi wangu wa Masasi wananiuliza swali lako hilohilo.

Anzeni na jua. Tarehe 23 Septemba hivi jua la mchana linakuwa juu ya utosi pale ikweta. Kutoka hapo linashuka kusini siku hadi siku, mpaka mwishoni mwa Desemba linapofika mwisho wa safari yake na kugeuka. Mtwara tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la utosi lilitupita karibu na tarehe 20 Oktoba, na litatupita tena likirudi kaskazini karibu na tarehe 21 Februari. Mkumbuke ile wiki ambayo mchana ukisimama uwanjani kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Ndiyo hiyo.

Mvua inalifuata jua, lakini inachelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Pale jua linapochemsha nchi, hewa inapanda, pepo za kaskazini na za kusini zinakutana, mawingu yanajengeka. Eneo hilo la makutano ndilo wataalamu wanaliita ukanda mvua. Oktoba na Novemba ukanda huo unapita kaskazini mwa nchi ukishuka, ndiyo vuli ya Kagera, Mwanza, Arusha, Tanga, Dar es Salaam na Pwani. Desemba mpaka Machi umekaa kwetu: Lindi, Mtwara, Ruvuma, Mbeya, Rukwa, Dodoma na wengine wa mvua moja kwa mwaka. Kisha unarudi kaskazini na kuwapa wenzetu masika. Wao unawapita mara mbili, sisi unafika, unakaa, unageuka. Kwa hiyo mama yake Nesi Kanyigo na korosho za Mahuta wanaangalia mvua ileile, tofauti ni nani iko kwake wiki hii.

Ndiyo maana namuunga mkono mtoa mada. Ukisikia mvua za kaskazini zimekuwa kubwa, halafu baada ya siku chache unasikia Morogoro kusini, halafu Ruvuma, usingoje jina la mkoa wako lisomwe. Anza kutafuta mahali pa kuhifadhi.

Lipo na la maneno, na hapa watu wengi wanaumia. Katika taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, "maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi" ni ngazi tatu tofauti. "Mvua katika maeneo machache" maana yake sehemu kubwa ya mkoa itabaki kavu, ila wachache watalowa, na hakuna anayejua kama wewe ni kati ya hao wachache. Mwenye mahindi shambani anaweza kulipuuza neno hilo. Mwenye korosho kwenye turubai hawezi.

Utabiri wa msimu nao una lugha yake. "Wastani" ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua za kawaida za mahali hapo kwa miaka mingi. Chini ya 75 ni chini ya wastani, zaidi ya 125 ni juu ya wastani. Kwa hiyo wastani wa Bukoba ni mafuriko ya Dodoma. Mtu asilinganishe mkoa wake na wa mwenzake kwa neno hilo.

#4 Babu Chiungutwa

Wajukuu zangu, nimesoma yote, mjukuu wangu ananisaidia kuandika. Mwalimu umesema vizuri. Lakini mimi nina miaka zaidi ya sabini, nimelima mikorosho tangu ile ya baba yangu, na redio imeniangusha mara nyingi kuliko mbuyu.

Mbuyu ulio nyuma ya nyumba yangu hauna majani tangu kipupwe. Ukianza kuchipua, mvua haiko mbali. Haujui Kagera, haujui Tanga, unajua hapa. Kumbikumbi wakitoka jioni, ardhi imeshaloa mahali. Mwezi ukivaa duara, nakunja majamvi, simuulizi mtu. Mwaka 2019 tuliambiwa kimbunga kinakuja, watu Mtwara mjini wakahamishwa, shule zikafungwa, na huku kwetu hakikufika. Baada ya hapo mtu akiniambia habari za kimbunga namtazama tu.

#5 Nahodha wa Msimbati

Babu shikamoo. Kwa heshima yote, la kimbunga naomba nilijibu mimi, maana nilikuwa ufukweni.

Kile kilikuwa Kenneth. Sisi Msimbati tulivuta vyombo juu kabisa, mpaka kwenye minazi, tukafunga. Tarehe 25 Aprili 2019 kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kama kilomita 200 kusini kwetu. Kwa bahari hiyo ni kama uwanja wa jirani. Upande wa pili wa mto Ruvuma tuna shangazi, tuna wajomba, tunaoana. Kwa wiki nzima simu zilikuwa haziingii, na zilipoingia tulisikia nyumba zimekwenda, minazi imelala, watu wamekufa. Babu, hatukudanganywa. Kilikwenda kwa ndugu zetu. Tungeweza kuwa sisi.

Na Mei 2024 Hidaya ilikuja kweli. Tarehe 4 ikaingia Mafia. Hiyo ilikuwa Mei, wakati mtu anajua kusi, upepo wa kusini, limeshika na mambo ya vimbunga yamekwisha. Wazee wa pwani ya Lindi bado wanasimulia kimbunga cha Aprili 1952, nacho mwishoni mwa msimu. Yaani kimbunga pwani yetu ni mara chache, lakini si hadithi.

Sasa nieleze baharini tunavyosikiliza, huenda wa bara mkapata kitu. Sisi mstari wa mikoa hatuusubiri. Tunasubiri maneno ya mwisho: upepo wa pwani unavuma kutoka wapi, kilomita ngapi kwa saa, pwani ya kaskazini ngapi, pwani ya kusini ngapi, na hali ya bahari. Mwezi huu tuko kati ya kusi na kaskazi, tunaita tanga mbili, upepo hauna kauli moja. Wakisema kaskazini mashariki na kasi inapanda siku hadi siku, tunajua kaskazi, upepo wa kaskazini, linajikaza, na kaskazi likijikaza mvua ya kwenu huko juu iko njiani. Wakisema upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hilo ni angalizo, ngalawa haitoki. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Nyekundu sisi hatusubiri tuambiwe mara ya pili.

Mwana wa Mahuta, ulizima redio kabla ya upepo wa pwani. Hapo ndipo mvua yako ilipokuwa.

#6 Chuno Mjini

Samahani wakuu, swali dogo. Wakisema "mvua kubwa ya zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24", hizo milimita tunazipimaje sisi wa kawaida? Naona kama kidole tu.

#7 Mwl. Jiografia

Ndugu yangu wa Chuno, milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Chukua turubai ya mita 4 kwa 5, hiyo ni mita za mraba 20. Mvua ya milimita 50 inamwaga hapo lita 1,000. Maji hayo ni kilo 1,000. Mtoa mada aliposema hawakuweza kuinua pembe, hata kama ilinyesha robo tu ya hiyo, bado walikuwa wanainua kilo 250 pamoja na korosho.

#8 Binti Newala

Hesabu ya mwalimu mimi naifanya kwa bati. Nyumba ya mama ina bati la mita za mraba 40 hivi. Mvua ya milimita 25, tangi la lita 1,000 limejaa. Newala hatuongei habari za mvua kama nyinyi, tunaongea maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mtupu juu, mvua ikinyesha inazama yote, hakuna kijito, hakuna mto. Wazee wetu waliishi juu na kuteka maji chini bondeni, kupanda na kushuka na ndoo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde umepunguza, lakini mwezi kama huu bomba likikauka wiki moja tu mnajua wenyewe bei ya dumu inavyokwenda. Kwa hiyo wakati wewe wa korosho unaomba jua liendelee, mimi nimeshasafisha mifereji ya bati na kufagia majani, naomba inyeshe hata usiku huu. Na sote tuko wilaya jirani.

Hapo ndipo nina la kusema kuhusu huo mstari wa "Lindi na Mtwara". Mikoa miwili hiyo imeunganishwa kama mahali pamoja. Mtwara mjini iko usawa wa bahari, Newala tuko juu mita 700 hivi, bonde la Ruvuma liko chini na joto lake la peke yake. Nendeni Shimo la Mungu, ukingo wa uwanda hapa Newala, saa kumi alasiri mwezi huu. Mnasimama ukingoni, jua la kichwa, chini bondeni mnaona mvua imeshuka kama pazia la kijivu, inatembea taratibu upande wa Msumbiji, hamsikii hata sauti. Upepo wa baridi unapanda na harufu ya udongo uliolowa. Dakika tano, imepita. Juu hakuna hata tone. Sasa redio ingesema nini hapo? "Maeneo machache." Na ingekuwa imesema kweli.

Julai ni kinyume. Asubuhi ukungu unatulalia huku juu mpaka saa tatu, maua ya mkorosho yanabaki na umande, ugonjwa wa ubwiri unga unashika, tunapuliza salfa mara ya pili na ya tatu, na wakati huohuo pwani jua limeshatoka tangu saa kumi na mbili na nusu.

#9 Dereva wa Kusini

Mie nitasema kifupi, niko Nangurukuru napumzika. Msisahau barabara. Korosho zenu zinashuka bandari ya Mtwara, lakini saruji, sukari, mafuta, dawa za hospitali vinakuja kwa barabara hii kutoka Dar. Rufiji na Pwani ni watu wa vuli na masika. Mvua ikiwa kubwa kule, sisi tunakwama huku kwenye jua. Mei 2024 baada ya Hidaya barabara ilikatika Somanga, Kilwa. Nililala kwenye lori na mzigo wa vitunguu. Mnaijua harufu ya vitunguu siku ya nne. Bei zilivyopanda Lindi na Mtwara wiki ile kila mama mwenye jiko anakumbuka. Mimi mkoa wa kwanza kusikiliza ni Pwani, wangu unafuata.

#10 Mama Ufuta

Hamjambo wapendwa. Niko Nachingwea, nalima ufuta, mbaazi na mahindi ya chakula. Mimi sina ugomvi na mvua ya mwezi huu kwa sababu ya korosho, ninazo chache tu. Ugomvi wangu ni mvua ya uongo.

Mnaijua. Mwisho wa Novemba inakuja siku mbili nzito, ardhi inanukia, kumbikumbi wanatoka, kila mtu kesho yake ana jembe begani. Unapanda. Halafu jua wiki tatu. Miaka miwili iliyopita mahindi yangu yalichipua membamba kama nywele za mtoto mchanga, nikayaona yakijikunja mchana, jioni yakifunguka, mchana yakijikunja, mpaka siku hayakufunguka tena. Mbegu nilinunua kwa fedha ya mkopo wa kikundi. Nikapanda upya katikati ya Desemba kwa mbegu ya kuomba kwa dada yangu.

Utabiri wa msimu ulikuwa umesema kwetu mvua zitashika wiki fulani ya Desemba. Nilikuwa nao kwenye simu, mtu wa ugani alitutumia kwenye kundi. Lakini ukiona jirani anapanda, moyo haukai. Hilo ndilo gumu. Kusikia nilisikia. Kukaa na jembe nyumbani wakati kijiji kizima kiko shambani ndiko kulikonishinda.

Bibi yangu aliuona mpango wa karanga wa Waingereza. Ulianza 1947, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea, matrekta yanavuma usiku na mchana, miti inang'olewa kwa minyororo. Mwaka 1951 ukavunjwa. Kule Kongwa mvua haikuja walivyoihesabu na udongo ukakauka mgumu kama saruji. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, reli ikang'olewa miaka ya 1960, bandari ikabaki. Bibi alikuwa anasema walileta kila chombo, ila hawakukaa na watu wa mahali wakawauliza mvua inaanzaje. Kwa hiyo Babu Chiungutwa mimi siupuuzi mbuyu wako hata kidogo. Ningeomba tu wenye vipimo waukute huo mbuyu, waandike tarehe unazochipua.

#11 Mwl. Jiografia

Mama Ufuta, pole, na umesema jambo kubwa. Niongeze moja kwa wanaouliza habari za El Niño, lile joto la Bahari ya Pasifiki linalobadili mvua, kila ikitajwa. Mwaka 2023 vuli ya El Niño ilikuwa nzito mno kaskazini na katikati. Wote tunakumbuka Katesh, tarehe 3 Desemba, tope la Mlima Hanang. Kusini kabisa mwa Afrika, Zambia na Zimbabwe kwenda chini, El Niño mara nyingi huleta ukame. Sisi wa Lindi na Mtwara tumekaa mpakani mwa tabia hizo mbili, ndiyo maana ishara yake kwetu haiko wazi kama kwa wenzetu. Ukisikia "El Niño inakuja" usinunue mbegu ya mafuriko wala ya ukame kwa neno hilo peke yake. Subiri utabiri wa mkoa, na uliza wa wilaya kama upo.

#12 Babu Chiungutwa

Nahodha nimekusikia. Habari za ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma sikuwa nimezifikiri hivyo. Nilikuwa naangalia uwanja wangu tu.

Lakini mbuyu siuachi. Na huyo mama wa Nachingwea aje aandike tarehe, nitampa kiti. Mjukuu wangu ameenda kuutazama sasa hivi na tochi, anasema kwenye tawi la upande wa jua linapotoka kuna vichipukizi viwili vitatu vya kijani. Juzi havikuwepo.

#13 Nesi Kanyigo

Babu, marahaba zako nazipokea hata hujanipa. Mimi leo nimempigia mama, nimemuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza: mvua ya huko ina siku ngapi tangu ilipoanza kupungua? Anasema tangu Alhamisi inanyesha usiku tu, mchana jua linatoka, ameanua nguo. Nawaachia hapa, Mwalimu atajua maana yake.

#14 Mwana wa Mahuta

Wakuu, narudi. Shikamoo Babu, asante Nahodha, asanteni wote. Sikutegemea uzi ufike huku.

Taarifa ya jioni hii: kanda ya ziwa bado mvua, lakini sasa ni "maeneo machache". Ruvuma "baadhi ya maeneo". Lindi na Mtwara, vipindi vya jua, na safari hii wameongeza mvua katika maeneo machache. Upepo wa pwani ya kusini kaskazini mashariki, kasi imepanda kuliko ya jana. Nilikuwa na kalamu, niliandika.

Jirani alikuwepo. Alipoinuka nikamshika mkono wa kanzu, nikamwambia kaa, Nahodha amesema mambo yako mwishoni. Akakaa mpaka taarifa ikaisha. Tukaenda kwake tukakunja za kwake, tukaja kwangu.

Turubai mbili nimezitikisa kiganja baada ya kiganja, zote zinalia. Nimezitia kwenye magunia na kuyapanga juu ya chaga, yasiguse sakafu wala ukuta. Ya tatu ni mbichi, za kuokota leo asubuhi. Hiyo nimeikunja pembe zote nne na kuivutia chini ya upenu, nikaiwekea matofali, kesho nitaianika tena kama jua litakuwepo. Binti Newala, mifereji yangu nayo nimeifagia, umenikumbusha.

Sasa hivi niko nje. Upande wa Ruvuma radi inamulika, sauti haifiki. Babu, mjukuu akitoka kuutazama mbuyu asubuhi, utuandikie.